Sindano ya Goti na Muhula Wake

Aingiaye msikitini wakati wa adhuhuri katika miji yetu ya pwani, iwe Lamu, Mombasa, Tanga au Unguja, aghalabu huona kandokando ya ukuta safu ya viti vya plastiki, na juu ya viti hivyo wameketi watu wa makamo na mashaibu ambao nia ya kusujudu wanayo, na siha ya mambo mengine wanayo, ila magoti yamewakatalia. Na aingiaye kanisani Jumapili huwaona wenzao, hasa kina mama, wakibaki wameketi hali jamaa wote wanapiga magoti. Majumbani mambo ni hayo hayo: ngazi ya ghorofa ya pili imekuwa safari, choo cha kuchutama kimekuwa adhabu, na kuinuka kutoka mkekani kwahitaji mkono wa mjukuu. Aulizwapo, mgonjwa husema magoti yake yanasagika. Tabibu huandika katika cheti kwamba ni osteoathritisi ya goti. Na wote wawili wamesema jambo moja. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu wapatao milioni 528 walikuwa na maradhi ya namna hii katika kiungo kimoja au kingine, milioni 365 kati yao wakiwa nayo gotini, na wanawake wakiwazidi wanaume kwa kadiri ya watatu kwa wawili.

Katika umati huo wamo wengi ambao vidonge vimewachoma tumbo, mafuta ya kuchua yamewaishia chupani bila ya faraja, na upasuaji wauogopa au hawana mali ya kuulipia, nao husikia kwamba ipo sindano inayochomwa ndani ya goti lenyewe. Habari hiyo ni ya kweli. Lakini sindano hizo si moja, bali ni jamii ya sindano zinazohitilafiana kwa asili, kwa bei na kwa ithibati. Na jambo la ajabu, ambalo ndilo lililonisukuma kuandika makala haya, ni kwamba kadiri bei inavyopanda ndivyo ithibati inavyopungua.

Kwanza na tulijue goti. Hicho ndicho kiungo kikubwa kuliko vyote mwilini, nacho hukutanisha mfupa wa paja na mfupa wa muundi, mbele yake ikikaa pia ya goti. Ncha za mifupa hiyo zimevikwa gegedu, tabaka jeupe, nyororo, lenye unene wa milimita chache tu. Na kiungo chote kimefunikwa na mfuko ambao utando wake wa ndani hutoa ute wa kulainisha na kulilisha gegedu. Gegedu halina mishipa ya damu wala neva: likichubuka halivuji, haliumi, na kwa sababu hiyo hiyo halijitibu. William Hunter, tabibu wa Uskoti aliyefundisha elimu ya maungo huko London, alilieleza jambo hili mbele ya Royal Society mwaka 1743, kwamba gegedu likisha kuharibika halirejei, na hata leo, baada ya karne mbili na ushei, hukumu yake haijatenguliwa. Maumivu basi hayatoki katika gegedu lenyewe. Hutoka katika mfupa ulio chini yake, katika utando uliovimba kwa kukereketwa, na katika kano na misuli inayolizunguka goti. Ndiyo maana picha ya eksirei na maumivu havifuatani siku zote: yuko mtu ambaye picha yake yatisha naye huenda sokoni kwa miguu, na yuko ambaye picha yake ni nzuri naye hukesha akiugua.

Sindano ya kwanza kwa umri, na ya kwanza kwa ithibati, ni ile ya steroidi, ambayo kazi yake ni kuutuliza huo utando uliovimba. Dawa hii ina kisa kirefu. Katika hospitali ya Mayo Clinic, mjini Rochester, jimbo la Minnesota huko Marekani, tabibu Philip Hench alikuwa ametambua kwa miaka mingi kwamba wagonjwa wake wa ile baridi yabisi ambayo mwili hujishambulia wenyewe walipata nafuu ya ghafla walipopatwa na umanjano wa maradhi ya ini, na wanawake walipata nafuu hiyo hiyo walipokuwa wajawazito. Akakisia kwamba kipo kitu ambacho mwili hukitengeneza nyakati hizo. Mwenzake, mwanakemia Edward Kendall, alikuwa akizichambua tezi zilizo juu ya figo za ng'ombe, na akatoa humo vitu kadhaa alivyoviita kwa herufi tu kwa kuwa hakuna aliyejua kazi yake. Mnamo Septemba 1948 kimoja katika vitu hivyo, ambacho baadaye kiliitwa kotisoni, kilichomwa msulini mwa mwanamke kijana aliyekuwa taabani kwa maradhi, na baada ya siku chache akatembea. Mwaka 1950 Hench na Kendall, pamoja na Tadeus Reichstein wa Uswisi, walipewa Tuzo ya Nobel, na mtu aliyesoma magazeti ya siku hizo angeweza kuamini kwamba ugonjwa wa viungo umekwisha duniani.

Haukwisha. Wagonjwa waliotumia dawa hiyo kwa miezi walianza kuvimba nyuso, mifupa yao ikadhoofika, shinikizo la damu likapanda, na wengine akili zikawachafuka; na walipoachishwa dawa, maradhi yakarudi. Ndipo wazo likaja kwamba ikiwa ugonjwa uko gotini, ya nini kuilisha dawa mwili mzima? Huko Philadelphia tabibu Joseph Hollander alijaribu kuitia dawa ndani ya kiungo. Kotisoni yenyewe haikufaa, kwa kuwa ini ndilo huibadili ikawa dawa yenye nguvu, na gotini hakuna ini. Lakini ndugu yake haidrokotisoni, ambayo haihitaji kubadilishwa, ilifaa, naye akatangaza matokeo mwaka 1951. Tangu siku hizo njia haijabadilika sana, isipokuwa kwamba haidrokotisoni imewapisha wajukuu wake, mathalan triamsinoloni na methilipredinisoloni, ambao hutengenezwa kama chembechembe ndogo zisizoyeyuka upesi ili zidumu kitambo gotini.

Namna ya kuchoma si ya kuogofya kama watu wanavyodhani. Mgonjwa hulala chali, goti likiwa limenyooka au limekunjwa kidogo juu ya taulo lililovingirishwa; tabibu hupapasa ukingo wa pia ya goti, akaisafisha ngozi vizuri kwa dawa, kisha akapitisha sindano kwa upande wa nje, chini ya pia hiyo, hata ifike ndani ya mfuko. Goti likiwa limejaa maji, huyanyonya kwanza, na hapo jicho lake lapaswa kuwa kali: maji ya maradhi haya ni maangavu, yenye rangi ya majani makavu, na yakitoka machafu kama ya usaha, basi hachomi steroidi, bali huyapeleka maabara, kwa sababu steroidi hudhoofisha ulinzi wa mwili na kuitia katika goti lenye vijidudu ni kuvipa vijidudu ruhusa. Mambo yakiwa salama hutia dawa, aghalabu miligramu 40, mara nyingi pamoja na ganzi. Shughuli yote haizidi dakika chache. Ganzi huleta raha siku ile ile, kisha huisha na maumivu huweza kurudi, hata kuzidi, kwa siku moja au mbili. Halafu dawa yenyewe hushika kazi, na mgonjwa akahisi mguu umepungua uzito.

Raha hiyo hudumu muda gani? Hili ndilo swali ambalo mgonjwa hustahili kujibiwa kabla ya kulala kitandani. Mwaka 2015 jopo la wataalamu lilikusanya majaribio 27, yenye wagonjwa 1,767, na likaona kwamba steroidi yazidi sindano isiyo na dawa kwa kiasi cha kuonekana katika wiki moja hadi mbili za mwanzo, kwa kiasi kidogo zaidi hata wiki ya sita, kwa kiasi hafifu mwezi wa tatu, na mwezi wa sita tofauti haipo. Na juu ya hayo likaonya kwamba mengi ya majaribio yale hayakuwa madhubuti. Taasisi ya Uingereza inayowaelekeza matabibu wa huko, katika mwongozo wake wa mwaka 2022, hutaja wiki mbili hadi kumi. Mintarafu ya muda, basi, sindano hii si tiba bali ni muhula.

Kuna wanaodhani kwamba muhula ukiisha waweza kuongezwa daima, sindano juu ya sindano. Mwaka 2017 huko Boston lilitangazwa jaribio la watu 140, nusu wakichomwa triamsinoloni kila baada ya wiki 12 kwa miaka miwili, na nusu wakichomwa maji ya chumvi kwa utaratibu ule ule, bila ya yeyote kujua alichochomwa. Miaka ilipotimia, maumivu ya makundi mawili yalikuwa sawasawa, ilhali gegedu la waliochomwa dawa lilikuwa limepungua unene kwa milimita 0.21, na la wenzao kwa 0.10. Insafu yanilazimu kuongeza kwamba maumivu yalipimwa kila baada ya miezi mitatu, wakati dawa imekwisha nguvu, hivyo ile raha ya wiki za mwanzo haikupata nafasi ya kuonekana. Na kwamba sehemu ya kumi ya milimita si jambo ambalo mtu hulihisi anapopanda ngazi. Hata hivyo, kawaida ya matabibu waangalifu ya kutolichoma goti moja kabla ya miezi mitatu kupita ni kawaida ya busara, na anayeahidi kuchoma kila mwezi ni wa kukimbiwa.

Sindano ya pili ndiyo inayosifiwa zaidi barazani, kwa kuwa inaafikiana na itikadi iliyoenea: kwamba goti linauma kwa sababu ute wake umekauka, na likitiwa ute litapona. Itikadi hii ndiyo iliyowafanya wengi wetu kula bamia kwa juhudi, kwa hoja kwamba kiteleacho kinywani kitateleza na gotini. Bamia ni mboga njema, nami naipenda ikipikwa kwa nazi, lakini ute wake humalizikia tumboni na haujui njia ya goti. Aidha, goti lenye maradhi haya mara nyingi lina majimaji mengi kuliko goti zima, ila ni mepesi, kwa kuwa kile kinachoyapa uzito, yaani asidi ya haialuroni, kimepungua. Kitu hicho kiligunduliwa mwaka 1934 na Karl Meyer na John Palmer katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, ndani ya macho ya ng'ombe; baadaye Endre Balazs, mwanasayansi mzaliwa wa Hungaria, alipata njia ya kukitoa kikiwa safi katika vilemba vya majogoo, na farasi wa mashindano walichomwa magotini kabla ya wanadamu kuzoea kuchomwa. Mwaka 1997 serikali ya Marekani iliruhusu kitumike kwa magoti ya watu, na tangu hapo kimeenea duniani kote.

Wazo ni zuri kiasi kwamba mtu hutamani liwe kweli. Lakini ute uliotiwa haudumu gotini. Mwili huuondoa kwa siku chache, au kwa wiki chache ikiwa ni wa aina iliyofungamanishwa makusudi. Na mwaka 2022 watafiti walipokusanya majaribio 169 yaliyofanywa kwa muda wa nusu karne, yenye watu 21,163, wakichimbua na yale ambayo wenyewe walikuwa hawajayachapisha, waliona kwamba katika majaribio makubwa yaliyo bora ute huo ulipunguza maumivu kuliko sindano isiyo na dawa kwa alama 2 tu katika kipimo cha alama 100, tofauti ambayo mgonjwa hawezi kuihisi, na madhara mazito yalikuwa mengi kidogo kwa waliochomwa ute. Mwongozo ule wa Uingereza wasema wazi kwamba sindano hiyo isitolewe. Nayo bei yake ni mara nyingi ya bei ya steroidi, ambayo ni dawa kongwe isiyo na mwenyewe wa kuipandishia thamani.

Juu ya ute huo katika ngazi ya bei wako wageni wa karibuni: damu ya mgonjwa mwenyewe, ambayo huchotwa mkononi, ikazungushwa katika mashine hata ikatengwa sehemu yenye chembe sahani nyingi, kisha ikarudishwa gotini, na seli shina, zilizotolewa katika uboho, katika mafuta ya mwili au katika kitovu cha mtoto aliyezaliwa. Hapa matangazo yamekuwa na ulimi mtamu kupita kiasi, yakisema kwamba gegedu litaota upya. Huko Sydney na Melbourne jaribio lililotangazwa mwaka 2021 liliwachukua watu 288 wenye umri wa miaka 50 na zaidi, nusu wakachomwa plazima yenye chembe sahani mara tatu na nusu maji ya chumvi; baada ya mwaka mmoja maumivu hayakutofautiana kwa kadiri ya kuhesabika, wala gegedu katika picha. Kwa habari ya seli shina, jaribio la Marekani la mwaka 2023 lililinganisha aina tatu za seli na sindano ya kawaida ya steroidi kwa watu 475, na mwaka ulipokwisha hakuna aina hata moja iliyoishinda steroidi. Wako matabibu wa heshima ambao bado wana tamaa na sindano ya damu, na wanayo majaribio madogo ya kuyashikilia; lakini chama cha matabibu wa viungo cha Marekani kiliishauri jamii yake mwaka 2019 isiitumie wala isizitumie seli shina kwa goti, nami naona mgonjwa asiuze kiwanja kwa ajili ya tamaa ya mwingine.

Najua msomaji atauliza: mbona jirani yangu alichomwa ute, au damu, akapona? Simkanushi jirani. Maradhi haya yana kupanda na kushuka, na mtu huenda kwa tabibu siku yanapokuwa kileleni, kwa hiyo wiki zinazofuata aghalabu ni za kushuka, awe amechomwa au hakuchomwa. Zaidi ya hayo, katika jaribio lile la Australia makundi yote mawili yalipata nafuu ya kweli, na hao wa maji ya chumvi walipata karibu sawa na wenzao. Kuketi na tabibu aliyekusikiliza, kulala kitandani, kuchomwa na kuambiwa utapona, kuna nguvu ambayo utabibu hauna haja ya kuionea haya. Lakini si haki kuiuza kwa bei ya dhahabu.

Sasa ikiwa steroidi hudumu wiki na nyinginezo hazina ithibati, sindano yafaa nini? Jibu bora nililoliona ni lile la mwaka 2020, katika hospitali za jeshi la Marekani, ambako watu 156 waligawanywa, kundi moja likichomwa steroidi na jingine likitibiwa na wataalamu wa fiziotherapia kwa kunyooshwa viungo na mazoezi. Katika kipimo ambacho alama nyingi ni maumivu mengi, makundi yote yalianza na alama mia moja na zaidi. Baada ya mwaka waliochomwa walikuwa na wastani wa 55.8, na waliofanya mazoezi 37.0. Msuli wa mbele ya paja ndio unaolibeba goti, na maumivu humfanya mtu asiutumie, usipotumika hunyong'onyea, na ukinyong'onyea goti huuma zaidi. Mazoezi yenyewe hayana fahari: kuketi kitini na kuunyoosha mguu mbele ukaushikilia, kuinuka kitini bila ya kujisukuma kwa mikono, kutembea kila siku kwa kadiri ya uwezo. Kwa mwenye mwili mzito, watafiti walipima na kuona kwamba kila kilo moja anayoipunguza huliondolea goti takriban kilo nne katika kila hatua.

Hapo ndipo steroidi hupata heshima yake. Yuko mgonjwa ambaye goti limevimba hata akiambiwa afanye mazoezi huona ni dhihaka. Huyo akichomwa, zile wiki sita za nafuu ndizo wasaa wa kuujenga msuli ambao utabaki baada ya dawa kuondoka. Yuko pia mwenye safari ambayo haiahirishwi. Hujaji wa miaka sabini ambaye kusai baina ya Safa na Marwa peke yake kwamtaka atembee takriban kilomita 3, akichomwa wiki mbili au tatu kabla ya kupanda ndege amefanya hesabu nzuri, maadamu anajua kwamba amenunua msimu mmoja. Mtu akichomwa, akarudi kitini kwake, akalala mpaka maumivu yarudi, huyo amechomwa bure.

Yapo mambo ambayo mgonjwa lazima amweleze tabibu, hata asipoulizwa. Mwenye kisukari ajue kwamba sukari itapanda kwa siku kadhaa, hata wiki, na apime mara kwa mara. Atumiaye dawa za virusi vya Ukimwi zenye ritonaviri aitaje bila ya haya, kwa kuwa ritonaviri hulizuia ini lisiiondoe triamsinoloni, na dawa iliyokusudiwa goti moja huenea mwilini na kukaa kwa wiki nyingi, ikaleta yale yale ya uso kuvimba na mwili kudhoofika yaliyowapata wagonjwa wa miaka ya 1950. Tabibu akijua atachagua dawa nyingine au njia nyingine. Ngozi nyeusi huweza kuweka baka jeupe mahali pa sindano, lisilo na madhara ila hukaa miezi. Vijidudu kuingia gotini ni nadra sana pakiwa na usafi, lakini goti likizidi kuvimba, likawa la moto na homa ikapanda siku chache baada ya sindano, hiyo si nguvu ya dawa kama wengine wanavyofarijiana. Ni kwenda hospitali siku hiyo hiyo, hata ikiwa ni usiku.

Na kwa yule ambaye goti lake limefika mwisho wake, mfupa ukisuguana na mfupa, hakuna sindano itakayoshindana na kubadilishiwa kiungo, upasuaji ambao leo hufanywa hata hapa kwetu, mathalan katika Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, MOI, jijini Dar es Salaam. Ila steroidi iliyotiwa karibu na upasuaji huongeza hatari ya goti jipya kuingiwa na vijidudu, na madaktari wa upasuaji hupenda ipite miezi mitatu tangu sindano ya mwisho. Kwa hiyo tarehe ya sindano, jina la dawa na goti lililochomwa yafaa yaandikwe katika daftari la mgonjwa siku ile ile, kwa sababu atakapoulizwa na daktari mwingine, katika hospitali nyingine, kumbukumbu ya kichwa pekee haitoshi.